Gari limekukwamia njiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu betri, kuchemsha na dharura nyingine

Maswali haya huulizwa na madereva wakiwa wameshakwama pembeni ya barabara, au gereji, baada ya hasara kutokea. Majibu yanahusu magari ya kawaida ya petroli na dizeli yenye betri ya volti 12. Magari ya umeme na ya haibridi yana swali lao kuelekea mwisho. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu.

Gari limeanza kusumbua nikiwa barabarani. Nianze na nini?

Anza kwa kulitoa njiani wakati bado lina mwendo. Washa indiketa, punguza kasi polepole, egesha pembeni kabisa mahali palipo tambarare na panapoonekana kutoka mbali. Epuka kona, na epuka kusimama mara tu baada ya kuvuka kilele cha mlima. Washa taa za hatari, vuta hendibreki, kisha elekeza matairi ya mbele upande wa nje wa barabara ili gari likigongwa kwa nyuma lisirushwe kurudi kwenye lami.

Halafu shughulikia watu kabla hujagusa boneti. Abiria washuke upande usiopita magari, wasogee mbali na lami, na kama kuna kingo za chuma wakae nyuma yake. Asiwepo mtu nyuma ya gari wala mbele yake. Gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde; dereva wake akichelewa sekunde 2 kukuona, ameshapita mita 56 kabla mguu haujagusa breki. Injini inaweza kungoja. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hawezi.

Pembetatu ya tahadhari niiweke umbali gani?

Kwenye barabara ya kawaida, angalau mita 45 hadi 50 nyuma ya gari. Kwenye barabara ya mwendo mkubwa, mita 100 au zaidi. Kama umesimama baada ya kona, iweke kabla ya kona, la sivyo anayekuja ataiona wakati mmoja na gari lako. Ukitembea kwenda kuiweka, ishike mbele ya kifua upande unaong'aa ukiwaelekea madereva. Baadhi ya nchi zinakataza kuiweka kwenye barabara kuu za kasi zenye njia nyingi, kwa sababu kutembea huko ni hatari kuliko faida yake. Hapo tegemea taa za hatari na ukae mbali na lami.

Usipange mawe badala ya pembetatu. Wewe utaondoka, yenyewe yatabaki, na usiku atakayeyakuta ni mwendesha pikipiki.

Nikizungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik tu. Betri imekufa?

Mara nyingi ndiyo. Tik-tik za haraka huku taa za dashibodi zikififia maana yake umeme upo, lakini hautoshi kuzungusha stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake. Ukisikia mlio mmoja mzito kisha kimya, na taa zimebaki kali vilevile, ishuku stata yenyewe. Kukiwa kimya kabisa bila taa hata moja, angalia vichwa vya betri kwanza. Shika kibanio kwa mkono ujaribu kukizungusha: kikicheza, kimelegea, na betri iliyojaa haiwezi kupitisha umeme wa kutosha hapo. Unga mweupe au wa kijani juu yake una madhara hayohayo. Kaza, safisha, jaribu tena. Magari mengi yaliyodhaniwa kuwa na betri mbovu yalihitaji spana ya namba 10 tu.

Kwenye gari la otomatiki hakikisha gia iko P (ya kuegesha) au N (gia huru). Na kama stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, tatizo si betri. Tazama mafuta na fyuzi. Usiendelee kuisaga stata mpaka betri nayo iishe, maana utakuwa na matatizo mawili.

Nabusti vipi bila kuunguza kitu?

Kubusti ni kuliwasha gari lenye betri iliyokufa kwa umeme wa betri ya gari jingine, kupitia nyaya. Itazame betri kwanza. Iliyopasuka, iliyovimba, inayovuja au iliyoganda kwa baridi haibustiwi. Hakikisha magari yote mawili yanatumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, na umeme huo ukiingia kwenye gari dogo utateketeza vifaa vyake vya elektroniki. Magari yasigusane. Zima injini zote mbili, taa, redio na kiyoyozi. Vua pete na saa ya chuma.

Waya mwekundu unaanzia kwenye kichwa chanya (+) cha betri iliyokufa, na ncha yake ya pili inakwenda kwenye chanya cha betri nzima. Waya mweusi unaanzia kwenye hasi (−) ya betri nzima. Ncha yake ya mwisho haiendi kwenye betri iliyokufa. Inabanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, kwa mfano boliti nene isiyopakwa rangi, mbali na betri, feni na mikanda.

Washa gari zima, liache likiunguruma dakika 5 hivi, kisha jaribu lililokwama. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na uipumzishe kabla ya kujaribu tena. Likigoma, zungusha vile vibanio kushoto na kulia ili meno yake yang'ate chuma. Mara nyingi vimekaa juu ya uchafu tu. Nyaya nyembamba za bei rahisi nazo hupata moto na kupitisha umeme kidogo. Gari likishawaka, toa nyaya kwa mpangilio wa kurudi nyuma: ulioweka mwisho utoke kwanza.

Kwa nini waya mweusi wa mwisho usiwekwe kwenye betri? Mbona watu wengi wanafanya hivyo?

Kwa sababu kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, hasa inapochajiwa. Gesi hiyo inalipuka. Anayebana kwenye betri moja kwa moja huponea mara nyingi, ndiyo maana mazoea haya hayaishi, lakini siku ikilipuka, asidi ya salfuriki inaruka usoni kwa mtu aliyeinama hapohapo. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza kwenye betri, usiunganishe chochote. Sogea.

Naweza kulisukuma liwake?

Likiwa na gia za mkono na betri bado ina umeme kidogo, ndiyo. Washa swichi, weka gia ya 2, kanyaga klachi, lisukumwe mpaka lipate mwendo, kisha achia klachi kwa haraka na uikanyage tena injini ikishika. Wanaosukuma wawe nyuma au pembeni, kamwe wasivute kwa mbele. Usilifanye zoezi hili mara nyingi: petroli isiyoungua huingia kwenye kichujio cha ekzosi na kukiharibu. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mkisukuma mpaka jioni.

Limewaka. Sasa niende, au nizime niangalie?

Usizime. Liendeshe nusu saa au zaidi, ukijua kwamba muda huo haujazi betri iliyokuwa tupu. Unakufikisha tu mahali pa kuichaji vizuri. Fundi mwenye mita ya kupimia volti atakuambia mengi kwa muda mfupi. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, kwenye magari mengi mita isome kati ya 13.7 na 14.7, ikibaki chini ya 13, alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) haichaji, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Kuna namna ya kupima alteneta ambayo naomba uikatae hata ikipendekezwa na fundi mzoefu: kuchomoa kibanio cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama itazima. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo mzima. Ukiitoa ghafla volti zinaruka juu, na kompyuta ya gari inaweza kuungua. Magari ya zamani yasiyo na kompyuta yalivumilia jambo hilo. Ya leo hayavumilii.

Taa nyekundu ya betri imewaka nikiwa naendesha. Nina muda gani?

Alteneta imeacha kuchaji na unaendesha kwa akiba ya betri. Zima kiyoyozi, redio na kila kisicho cha lazima, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Ila tazama geji ya joto mara moja: kwenye magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji, na ukikatika, injini itachemsha ndani ya dakika chache. Joto likipanda, au usukani ukiwa mzito ghafla, simama sasa.

Mshale wa joto unapanda. Nifanye nini?

Zima kiyoyozi. Washa hita ya ndani kwenye joto la juu kabisa na feni yake kwa nguvu zote, ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, yaani kipozea maji ya injini. Inaondoa joto kwenye injini na kukununulia dakika za kutafuta pa kuegesha. Kama uko kwenye foleni na mshale haujagusa nyekundu, weka gia huru na kanyaga mafuta kidogo ili pampu na feni zizunguke zaidi. Mshale ukigusa nyekundu, au ukiona mvuke, au taa ya joto ikiwaka, simama na uzime injini. Usingoje kituo kilichoko mbele.

Ningependa kila dereva aelewe gharama iliyopo hapa. Injini iliyozimwa mapema kwa kawaida inahitaji tu mpira wa maji, themostati (vali inayopitisha maji ya kupoza injini ikipata joto) au fyuzi ya feni. Injini hiyohiyo ikiendeshwa kilomita chache zaidi, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) inapinda na gasketi inayoziba chini yake inaungua, na hapo kazi ni kufungua injini. Tofauti ni uamuzi wa dakika 2 au 3 wa dereva aliyejiambia "nimeshakaribia".

Kuna dalili moja inayodanganya wengi: mshale uliokuwa juu unashuka ghafla. Dereva anashusha pumzi akidhani limepoa. Huenda maji yameisha kabisa na kihisio cha joto kimebaki hewani, hakina cha kupima. Hiyo ni hatari kubwa kuliko mshale ulio juu.

Nifungue kifuniko cha rejeta nione kama kuna maji?

Hapana, si sasa. Mfumo wa kupoza umefungwa kwa makusudi. Kifuniko hushikilia presha, kwenye magari mengi karibu bar 1 juu ya presha ya hewa, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu 120. Injini iliyochemsha ina maji yaliyo juu ya nyuzi 100 ambayo bado ni maji, yakizuiwa na kile kifuniko tu. Ukikilegeza, presha inaondoka na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, ikisukuma yaliyobaki nje kuelekea mikono, kifua na uso wako. Kitambaa hakikuokoi. Kinaloa, na joto linapita.

Ngoja angalau dakika 30, mara nyingi zaidi. Kabla ya kugusa kifuniko, minya mpira mnene wa juu wa rejeta ukiwa umevaa glavu au umezungushia kitambaa kikavu. Ukiwa mgumu kama umejazwa upepo, presha bado ipo. Ukibonyea kwa urahisi na kuvumilika kwa mkono mtupu, zungusha kifuniko robo tu, usikilize. Kikipuliza, acha kimalize. Kikinyamaza kabisa ndipo ukitoe, uso ukiwa pembeni. Kwenye magari mengi huhitaji hata kukifungua: chupa ya akiba ni ya plastiki inayopitisha mwanga na ina alama za MIN na MAX.

Na mikono iwe mbali na feni. Kwenye baadhi ya magari feni ya umeme hujiwasha yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Sina kulanti (kimiminika cha kupozea injini). Naweza kuweka maji ya kawaida?

Kwa dharura, ndiyo. Maji yoyote safi ni bora kuliko mfumo mtupu. Sharti ni injini iwe imepoa: maji baridi yakimwagwa ndani ya chuma chenye moto mkali yanaweza kukipasua. Kwa sababu hiyohiyo usiimwagie injini maji kwa nje. Jaza polepole, usubiri mapovu yatoke, uongeze. Ukifika, mwambie fundi umeongeza maji, kwa sababu maji matupu huleta kutu, huchemka mapema na huganda penye baridi. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa.

Nitajuaje kilichosababisha kuchemsha?

Tazama chini ya gari: matone ya rangi ya kijani, ya waridi au ya machungwa yanaonyesha panapovuja. Mpira uliopasuka unaweza kuufunga kwa tepu ya kuzibia mabomba, ukaacha kifuniko kimelegea ili presha isijengeke, na ukaenda mwendo mfupi wa polepole ukitazama mshale. Kama gari huchemsha kwenye foleni lakini linapoa likikimbia, feni haifanyi kazi; anza na fyuzi yake. Kama mpira wa juu ni moto sana na wa chini ni baridi, huenda themostati imekwama ikiwa imefunga. Likichemsha kwenye mwinuko au kwa kasi tu, rejeta inaweza kuwa imeziba.

Moshi mweupe mzito usiokoma wenye harufu tamu, mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya maji, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake: hizo ni dalili za gasketi. Usiliwashe tena. Liite gari la kuvuta.

Je, taa nyekundu ya oili?

Zima injini mara tu unapoweza kusimama salama. Bila presha ya oili vyuma vinasagana, na uharibifu huja haraka kuliko wa kuchemsha. Pima kwa kijiti baada ya dakika chache. Ikiwa kiwango kiko sawa na taa bado inawaka, gari livutwe.

Nimepata pancha. Kuna kosa la kuepuka?

Hasa ni makosa mawili. La kwanza ni kupandisha jeki kabla ya kulegeza nati. Legeza kila nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini, ndipo upandishe. Ukipambana na nati ngumu gari likiwa juu, unalisukuma litoke kwenye jeki. La pili ni kuingiza mwili chini ya gari lililobebwa na jeki tu. Laza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari wakati unafanya kazi, ili jeki ikiteleza gari liangukie hapo. Zuia gurudumu la upande wa pili kwa jiwe au gogo, jeki ikae pale panapoonyeshwa na kitabu cha gari, na kama ardhi ni laini weka ubao chini yake. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na ukaze tena ukishaenda kama kilomita 50. Tairi jembamba la akiba kwa kawaida limeandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa.

Tairi likipasuka nikiwa kasi?

Usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, lishikilie gari kwenye mstari, achia mafuta polepole mpaka lipungue lenyewe, kisha toka pembeni. Kuendesha juu ya rimu mita chache kufika mahali salama ni sawa, rimu inanunulika.

Pedali ya breki imezama hadi chini. Nifanyeje?

Pampu pedali kwa haraka na kwa nguvu; mara nyingi presha kidogo hurudi. Shusha gia moja moja, hata za otomatiki, ili injini ilizuie gari. Vuta hendibreki taratibu huku kidole kikiwa kwenye kitufe chake, uachie ukihisi matairi yanakamata na kuteleza. Usizime injini gari likiwa na mwendo, kwa sababu utapoteza msaada wa usukani, na ukitoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Kama breki zimepotea kwenye mteremko mrefu na kuna harufu ya kuungua, zimepata moto. Ukifanikiwa kusimama, ziache zipoe, na teremka kilichobaki kwa gia ndogo.

Moshi unatoka kwenye boneti. Nifungue nizime?

Mvuke mweupe usio na harufu ya kuungua kwa kawaida ni maji. Moshi mweusi au wa kijivu wenye harufu ya plastiki au mafuta ni moto. Zima injini, toa watu wote, sogeeni mita 30 au zaidi, piga simu ya zimamoto. Boneti isifunguliwe wazi, hewa inayoingia inaupa moto nguvu. Hakuna begi la kurudia.

Linaweza kuvutwa kwa kamba?

Gari la gia za mkono, kwa umbali mfupi na mwendo mdogo, ndiyo. Otomatiki nyingi haziruhusu: injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi haizunguki na giaboksi inajisaga kavu. Libebwe juu ya gari la kuvuta. Hivyohivyo kwa linaloendesha magurudumu yote manne. Anayekaa kwenye usukani wa gari linalovutwa ajue kwamba breki na usukani vitakuwa vizito mno, na swichi isirudishwe mahali inapofunga usukani.

Langu ni la umeme au haibridi. Kuna tofauti?

Mengi nayo yana betri ndogo ya volti 12, na ikifa gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa. Mara nyingi hiyo ndogo inaweza kubustiwa, kupitia sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu. Kulitumia kubusti gari la mwingine ni jambo ambalo watengenezaji wengi hulikataza. Nyaya nene za rangi ya machungwa asiziguse mtu asiye fundi wake.

Nibebe nini garini?

Nyaya nene za kubusti, pembetatu, fulana inayong'aa, tochi, glavu, lita 5 za maji, fyuzi za akiba, tepu, jeki na spana ya magurudumu. Hakikisha spana hiyo inaingia kwenye nati zako, hasa kama rimu zilibadilishwa. Zingine hufungwa kwa nati maalumu yenye ufunguo wake, na ufunguo huo hupotea kwenye droo za nyumbani. Tairi la akiba lipime upepo kila unapopima mengine manne.